Istilahi za Mwendo wa Ngoma katika Kompyuta: Kunyoosha si Kufuatisha

Neno kulinganisha, likiachwa peke yake katika tafsiri ya maelezo ya programu za muziki, huweza kubeba matendo mawili yanayopingana. Tendo moja huibadili ngoma ifuate kompyuta. La pili huibadili kompyuta ifuate ngoma. Mtumiaji akielekezwa kwenye tendo lisilo lake, upigaji aliourekodi huharibika. Makala haya yanakusudia kuyatenga matendo hayo na kupendekeza istilahi zake.

Tuchukue mfano wa sindimba, ngoma ya Wamakonde ijulikanayo nchini kote. Tuseme mpigaji wa Tandahimba amebandikiwa juu ya ngozi ya ngoma yake kitambuzi kidogo kinachonasa mtikisiko. Kitambuzi hicho hupeleka habari kwenye kompyuta kwa kanuni ya midi, iliyoanza kutumika mwaka 1983 ili ala za viwanda mbalimbali ziweze kupashana habari. Ieleweke kwamba midi haihifadhi sauti. Huhifadhi habari tu: ni ngoma gani iliyopigwa, wakati gani, na kwa nguvu kiasi gani, nguvu hiyo ikiandikwa kwa namba 1 hadi 127.

Hapa tunahitaji kutofautisha maneno mawili. Pigo, kama walimu wa kwaya wanavyolitumia, ni kipimo cha kuhesabia. Mdundo ni kila mlio wa ngoma ipigwapo. Katika pigo moja huweza kuwamo midundo mitatu au minne, na huweza kusiwemo hata mmoja. Idadi ya mapigo kwa dakika ndiyo mwendo.

Jalada jipya la midi lisilotajiwa mwendo huhesabiwa kuwa na mapigo 120 kwa dakika, yaani pigo moja kila nusu sekunde. Mpigaji wetu hakusikiliza kompyuta, aliwatazama wachezaji. Tuseme alipiga mapigo 20 kwa sekunde 8, yaani mapigo 150 kwa dakika. Baada ya sekunde 2 yeye amemaliza mapigo matano, ilhali kompyuta imehesabu manne. Wachezaji walipochangamka, mapigo 20 yakamchukua sekunde 7.5, na mwendo ukawa 160. Kwa hiyo namba moja haitoshi jalada zima.

Njia ya kwanza ni kuivuta midundo hadi kwenye mistari ya kompyuta. Tendo hili tunapendekeza liitwe kunyoosha midundo, kama nguo inyooshwavyo kwa pasi. Lina manufaa yake kwa muziki wa dansi. Lakini kule kuchelewa au kutangulia kidogo kwa mkono, ambako ndiko utamu wa ngoma, hupotea pamoja na mikunjo.

Njia ya pili ni kuiacha midundo ilipo na kusogeza mistari. Tendo hili liitwe kufuatisha mwendo. Matokeo yake ni ramani ya mwendo, yaani orodha ya miendo na mahali kila mmoja unapoanzia: hapa 150, pale 160. Kabla ya kuanza, sharti midundo ifungwe kwa saa. Isipofungwa, kila mwendo ubadilishwapo midundo nayo husogea pamoja na mistari, na kazi yote huwa bure.

Programu nyingi hujaribu kukisia mwendo zenyewe, na huweza kuhesabu maradufu au nusu. Hatari hiyo ni kubwa katika ngoma za uwanda wa Makonde, ambamo vinganga, zile ngoma ndogo zenye mguu uliochongoka wa kuchomekwa ardhini, hupigwa upesi kwa mikwiro myembamba. Kompyuta ikivifuata vinganga, huenda ikadhani kila mdundo ni pigo. Mwalimu na awatazame wachezaji: aghalabu nyayo zao ndizo zitakazomwonyesha pigo lilipo.

Tumeliepuka neno mradi kwa maana ya kazi iliyohifadhiwa katika programu. Mkazi wa Tandahimba asikiapo mradi hufikiria mradi wa maji, wenye bajeti na kamati. Neno jalada limekwisha kuzoeleka maofisini, nalo linatosha.

Kwa muhtasari, istilahi tunazopendekeza ni hizi:

Pigo: kipimo cha kuhesabia muziki.
Mdundo: mlio mmoja wa ngoma.
Mwendo: idadi ya mapigo kwa dakika.
Ramani ya mwendo: orodha ya miendo ya jalada na mahali inapoanzia.
Kunyoosha midundo: kuivuta midundo kwenye mistari.
Kufuatisha mwendo: kuifanya mistari ifuate midundo.
Kufunga kwa saa: kuizuia midundo isisogee mwendo ubadilikapo.

Haya ni mapendekezo tu, hayajasanifiwa. Tunawaomba wafasiri, walimu wa muziki na maofisa utamaduni wayajaribu kazini, hasa wale wenye wapigaji ngoma karibu nao, kisha watuletee maoni yao.