Tundu la milimita moja lililogeuza katriji kuwa utambi

UKITAZAMA katriji ya sigara ya kielektroniki ya zile zilizotamba kati ya mwaka 2009 na 2013, hutaona cha kukushangaza. Ni kibomba chembamba cha chuma, urefu wake sentimita tatu na nusu hivi, unene wake kama wa kalamu. Ndani mmeshindiliwa pamba ya poliesta iliyoloweshwa kimiminika chenye nikotini. Kiwanda kilikusudia kitumiwe hadi kikauke, kisha kitupwe.

Watumiaji wengi nchini Marekani na Uingereza hawakukitupa. Walikitoboa ubavuni tundu dogo mno, la milimita moja au moja na nusu, wakakipenyeza katikati ya tangi dogo la plastiki lililojaa kimiminika, na kibomba kilekile kilichokuwa kikikauka kwa saa chache kikaendelea kutoa mvuke kutwa nzima. Hakuna mhandisi aliyewatuma. Lilikuwa ni jambo la watu waliochoka kujaza, na katika historia fupi ya vifaa hivi ni vigumu kupata badiliko dogo kama hilo lililozaa matokeo makubwa kiasi hicho.

Kabla ya kueleza tundu lenyewe, inafaa kwanza kukisema kifaa. Jina lake lina kasoro, kwa maana hakuna tumbaku inayowaka na hakuna moshi. Betri hupeleka umeme kwenye waya mwembamba uliosokotwa, yaani koili. Koili hupata moto, hugusa utambi uliolowa, na kimiminika hugeuka mvuke ambao mtumiaji huuvuta. Kimiminika chenyewe ni mchanganyiko wa gliserini na propilini glaikoli, vikolezo vya ladha na, mara nyingi, nikotini.

Mfamasia wa Uchina, Hon Lik, ndiye anayetajwa kuwa aliyebuni kifaa cha kwanza kilichofaulu sokoni, mwaka 2003. Baba yake alikuwa mvutaji na alifariki kwa saratani ya mapafu. Vifaa vya mwanzo vilikuwa na sehemu tatu: betri, chemba ya koili na kikombe cha plastiki chenye sifongo iliyolowa. Sifongo ile haikuachia kimiminika ipasavyo, na watumiaji walilalamika kwamba baada ya pumzi chache mvuke ulififia. Ndipo viwanda vya Uchina vikaunganisha chemba na kikombe kuwa kitu kimoja: koili katikati, pamba ikiizunguka, chuma nje na kifuniko cha mpira juu. Hiyo ndiyo katriji tunayoizungumzia.

Ilikuwa bora kuliko iliyotangulia, ila ilikuwa na tatizo ambalo yeyote aliyewahi kusomea mwanga wa koroboi analijua. Utambi hutoa mwanga maadamu chini yake kuna mafuta. Mafuta yakiisha, utambi wenyewe huanza kuungua, nao hunuka. Katriji ilibeba takriban mililita moja tu ya kimiminika, na hata hiyo haikutumika yote kwa kuwa sehemu iliyobaki ilinaswa na pamba mbali na koili. Mtumiaji alilazimika kung'oa kifuniko na kudondoshea matone mara kadhaa kwa siku, bila kuona ndani. Alijua kimekauka pale ladha ya kuungua ilipompiga kooni.

Suluhisho lilikuwa kuipa koroboi tangi lake. Matangi ya kwanza ya kujitengenezea yalikatwa kutoka mabomba ya sindano za plastiki, yakazibwa juu na chini kwa pete za mpira, katriji ikapita katikati kama mhimili. Kimiminika kiliizunguka katriji pande zote lakini hakikuweza kuingia, kwa sababu chuma hakina upenyo. Hapo ndipo tundu lilipohitajika.

Mahali pa kutoboa si pa kubahatisha. Tundu huwekwa karibu na mwisho wa chini wa katriji, milimita chache juu ya pete ya mpira ya tangi, ili kimiminika kifikike hata kikisalia kidogo. Likitobolewa juu sana, nusu ya tangi haitumiki. Likitobolewa chini sana, pete huliziba, au ncha ya kutobolea hugonga sehemu ambapo waya za koili hushikana na kitako cha betri, na hapo katriji imekwisha kazi.

Msomaji huenda akauliza: kama kimiminika kimezunguka tundu, kwa nini kisimiminike chote ndani na kufurika hadi kinywani? Jibu liko katika banda la kuku. Vifaranga hunyweshwa kwa chupa iliyojazwa maji na kupinduliwa juu ya sahani. Maji hayamwagiki, kwa kuwa hakuna hewa inayoingia kuchukua nafasi yake. Kifaranga akinywa, kiwango cha maji sahanini hushuka, kiputo cha hewa hupanda chupani, na maji mengine kidogo hutoka. Tangi la katriji hufanya kazi kwa kanuni iyo hiyo. Limezibwa kote, isipokuwa kwenye tundu. Koili inapokausha pamba iliyo karibu nayo, pamba hunyonya kimiminika kupitia tundu, kiputo cha hewa hupita kwa njia ileile kuelekea tangini, na usawa hurejea. Aliyetazama tangi la plastiki angavu aliviona viputo hivyo vikipanda, na ndivyo alivyojua kwamba mambo yanakwenda sawa.

Kwa hiyo ukubwa wa tundu ni suala la mizani. Likiwa dogo kupita kiasi, kimiminika kizito chenye gliserini nyingi hushindwa kupita, koili hubaki kavu na kuunguza pamba. Likiwa kubwa, hewa huingia kwa wingi, pamba hushiba na kufurika, na mtumiaji husikia mgugumio kama wa kiko cha maji kisha hupata matone machungu mdomoni. Pete ya mpira iliyolegea huleta balaa hilohilo hata tundu likiwa sahihi, kwa maana hewa imepata mlango mwingine. Tena katriji kavu haikupaswa kutiwa tangini na kuwashwa papo hapo. Pamba ililoweshwa kwanza, kwa kuwa tundu la milimita moja haliwezi kuishibisha kwa haraka.

Namna ya kutoboa ndiyo iliyozua mabishano, na kwa maoni ya mwandishi huyu hapo ndipo penye hatari ambayo wengi waliipuuza. Waliotumia keekee walipata tundu la duara safi, lakini keekee hukwangua chuma na chenga zake huangukia pambani, sentimita chini ya moja kutoka koili inayopata moto na kupuliza mvuke kifuani mwa mtu. Waliotumia ncha kali au kibano maalumu cha kutobolea hawakupata chenga nyingi, lakini chuma kilipindiwa ndani na kuacha kingo zenye makali. Zikiifikia ala ya nyuzi za kioo inayoizunguka koili, huichana, na kimiminika kikapata njia ya mkato.

Si kwamba katriji ambayo haikutobolewa ilikuwa safi. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, walipasua katriji za aina hii na kuchunguza kimiminika na mvuke wake kwa hadubini. Walikuta chembechembe za bati, fedha, chuma, nikeli na aluminiamu, pamoja na silika kutoka utambi wa nyuzi za kioo. Bati lilitokana na maungio ya waya yaliyolehemiwa. Uchafu huo ulitoka kiwandani moja kwa moja. Anayeongeza chenga zake mwenyewe anaongeza juu ya kilichokuwapo.

Suala la pili ni joto. Mwezi Januari 2015, wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Portland State nchini Marekani walichapisha barua katika jarida la New England Journal of Medicine wakieleza kwamba kifaa cha tangi walichokipima hakikutoa fomaldehaidi, kemikali inayohusishwa na saratani, kilipoendeshwa kwa volti 3.3, bali kilitoa kwa volti 5. Mwaka huohuo daktari wa moyo kutoka Ugiriki, Konstantinos Farsalinos, na wenzake walijibu kwamba viwango vikubwa vya kemikali hizo hutokea utambi unapokauka, hali ambayo mtumiaji huionja mara moja kwa ukali wake na kuikwepa. Pande zote mbili, ukizisoma kwa makini, zinazungumzia jambo moja: kiasi cha kimiminika kinachofika kwenye koili kikilinganishwa na moto unaopelekwa hapo. Katika katriji iliyotobolewa kwa mkono, kiasi hicho kiliamuliwa na mtu mezani kwake, kwa macho na kwa kukisia.

Tangi lenyewe pia lilikuwa na udhaifu wake. Vikolezo vya mdalasini na vya machungwa vilipasua baadhi ya plastiki, na mtu akajikuta na nikotini mfukoni. Nikotini hupenya ngozi, na mtoto mdogo akiinywa ni sumu inayoweza kuua. Ndiyo sababu wengi walihamia matangi ya kioo na chuma.

Viwanda havikukawia kuona biashara. Katika muda mfupi katriji zilizotobolewa tayari zikaanza kuuzwa, tundu likiwa mahali pake bila chenga. Kisha vikaja vifaa vyenye tangi na koili inayobadilishwa, ambavyo kichwa cha koili yake kina matundu ubavuni na pamba ndani. Mwenye kuvifungua leo ataliona tundu lilelile, ila sasa ni manne au zaidi, tena makubwa, na poliesta imeipisha pamba ya kawaida.

Serikali zilifuata nyuma. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2014, lililoanza kutekelezwa Mei 2016, liliweka kikomo cha mililita mbili kwa tangi na miligramu 20 za nikotini kwa mililita, na kutaka vifaa vikingwe dhidi ya kuvuja na kuchezewa. Mwaka huohuo wa 2016, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilianza kusimamia si vifaa vizima tu bali na vipuri vyake. Jirani zetu wa Uganda walikuwa wameshaamua kupiga marufuku sigara za kielektroniki kabisa katika sheria yao ya tumbaku ya mwaka 2015.

Kenya nayo, mwaka huohuo wa 2015, iliziingiza katika Sheria ya Ushuru wa Bidhaa. Bunge liliweka Sh3,000 kwa kila kifaa na Sh2,000 kwa kila katriji. Viwango hivyo vimebadilishwa tangu wakati huo, lakini hesabu ya mwanzo inastahili kutazamwa tena. Sheria ilichukulia katriji kuwa kitu kinachokwisha na kununuliwa upya, kama pakiti ya sigara. Iliandikwa miaka kadhaa baada ya watu kugundua kwamba katriji moja, ikitobolewa na kutiwa tangini, huweza kupitisha kimiminika cha katriji nyingi kabla koili yake haijafa. Baadaye serikali ilianza kutoza ushuru kwenye nikotini yenyewe ya majimaji, kwa mililita.