Kijiji cha Pwani Katikati ya Nairobi

Mtu wa Mombasa ashukapo Nairobi hudhani Pwani amekwisha kuiacha nyuma. Basi na apite soko la Gikomba, aingie Majengo ya Pumwani. Huko mababu walijenga nyumba ambayo yeye angeijua hata gizani: mlango wa mbele, ukumbi ulionyooka hadi uani, vyumba huku na huku, jiko na choo nyuma. Kuta zilikuwa za miti na udongo. Makuti hayakupatikana bara, kwa hiyo mapaa yaliezekwa kwa madebe ya mafuta ya taa yaliyokunjuliwa.

Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, wakati serikali ya kikoloni ilipotaka kuwakusanya Waafrika mahali pamoja. Kabla ya hapo, tangu reli ilipofika mwaka 1899, vilikwisha kuchipuka vijiji vya watu wenyewe: Mji wa Mombasa, Maskini, Kaburini, Pangani. Vyote vilibomolewa. Pangani ndiyo iliyodumu zaidi, hata mwaka 1939, na wengi wa watu wake wakahamia Shauri Moyo.

Lakini si kila Mswahili wa Pumwani alitoka Pwani. Wengi walikuwa watu wa bara waliosilimu, na wenye nyumba wengi walikuwa wanawake. Mwanamke aliyekatana na kwao alipata katika Uislamu ndugu wa kumuuguza na wa kumzika. Akajenga kwa jasho lake. Ila nyumba ilikuwa yake, ardhi ilikuwa ya manispaa, naye akailipia kodi ya kiwanja.

Si mbali na hapo, katika miaka ya 1940, manispaa ilijenga Kaloleni kwa kuiga vijiji vya bustani vya Uingereza, nyumba za mawe zikizunguka viwanja vya majani. Ajabu ni kwamba kijiji hicho cha Kiingereza nacho kilipewa jina la Pwani! Wataalamu huisifu Kaloleni kwa mpango wake, na Majengo huiita mtaa wa mabanda. Mimi nasema Majengo nayo ilikuwa na mpango, ila haukuchorwa na Mzungu.

Sasa ghorofa zimepanda pale palipokuwa na baadhi ya nyumba zile. Ghorofani hakuna ua wa kupikia pilau ya arusi. Na bibi aliyewarithisha watoto wake nyumba ya Majengo aliwarithisha kuta na paa. Kiwanja hakikuwa chake.