Rangi Moja, Sura Mbili

Tukionyeshwa picha isiyo na mtu, mti wala jahazi, bali miraba mitatu au minne iliyowekwa mmoja ndani ya mwengine, wengi wetu huuliza: hii ni picha ya nini? Swali hilo ni la haki. Lakini Josef Albers, mchoraji aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1888, angependa tuulize swali jengine: jicho letu linafanya nini tunapoitazama?

Albers alikuwa mwalimu wa Bauhaus, skuli mashuhuri ya sanaa na ufundi. Skuli hiyo ilipofungwa mwaka 1933 kwa shinikizo la Wanazi, yeye na mkewe Anni, aliyekuwa wa ukoo wa Kiyahudi, walihamia Marekani. Huko, mwaka 1950, akiwa mtu mzima wa miaka 62, alianza kuchora miraba ndani ya miraba. Hakuacha hadi alipofariki mwaka 1976, na michoro ya namna hiyo ilipita elfu moja. Umbo lilibaki karibu lile lile. Kilichobadilika ni rangi. Alizipaka kwa kisu, mara nyingi bila kuzichanganya, kisha akaandika nyuma ya ubao jina la kila rangi aliyoitumia.

Kwa nini mtu atoe robo karne ya umri wake kwa mraba? Ni kwa sababu alitaka kutuonyesha kwamba rangi haionekani peke yake. Huonekana pamoja na jirani yake. Rangi ya kijivu ikizungukwa na nyeusi, hung'aa. Kijivu hicho hicho kikizungukwa na nyeupe, huonekana kimekoza. Katika kitabu chake cha mwaka 1963, Interaction of Color, Albers alishikilia kwamba jicho lizoezwe kwanza, kisha nadharia ifuate.

Kina mama wa pwani hawana haja ya kusafiri ili kuyathibitisha haya. Anayechagua leso dukani anajua kuwa mji wa rangi moja hubadilika sura pindo linapobadilika. Na tulijaribu jambo hili nyumbani pamoja na watoto. Tukate vipande viwili kutoka karatasi moja ya kijivu. Kimoja tukiweke katikati ya karatasi nyeusi, cha pili katikati ya karatasi nyeupe, kisha tuwaulize watoto kama rangi ni moja. Watakataa. Tuvitoe vipande hivyo na kuviweka pamoja, nao watajionea wenyewe.

Wala tusimsahau Anni. Alipoingia Bauhaus mwaka 1922, wanawake walielekezwa kwenye karakana ya ufumaji, hata wale waliotamani kazi nyengine. Yeye mwenyewe hakuvutiwa na nyuzi hapo mwanzo. Lakini mwaka 1949 akawa mfumaji wa kwanza kufanyiwa maonyesho ya peke yake katika Jumba la Sanaa za Kisasa la New York. Ufumaji nao una jirani zake: ukionekana kando ya jiko huitwa kazi ya nyumbani, ukitundikwa katika jumba kubwa huitwa sanaa. Basi binti anaposuka ukili wa mkeka au kushona kofia, na tuitazame kazi yenyewe kabla ya kutazama mahali ilipofanyiwa.

Hapo ndipo tunapoona faida ya miraba hii kwetu. Ikiwa macho mazima yanaweza kuapa juu ya kipande cha karatasi na yakakosea, sembuse juu ya mtu tuliyemwona mara moja, katika kundi fulani, siku fulani? Sura ya Al-Hujurat imetuonya tujiepushe na dhana nyingi. Kabla ya kutoa hukumu juu ya jirani, mkwe au mtoto, na tumtoe kwanza katika kivuli cha waliomzunguka, tumtazame yeye mwenyewe.

Wallahu aalam.