Ofisi Inapohamia Nyumbani

Kwa miaka sita jirani yetu wa Chamazi, mhasibu katika kampuni moja iliyoko Posta, hakuwaona wanawe wakiwa macho siku za kazi. Akitoka msikitini baada ya Swala ya Alfajiri alipitiliza hadi kituoni, akapanda daladala la Mbagala Rangi Tatu, na huko akaanza kugombania usafiri wa pili wa kuingia mjini. Aliporejea, saa mbili usiku au zaidi, aliwakuta wamelala. Binti yake mdogo akimwona baba mchana, swali lake lilikuwa moja: "Baba, leo Jumapili?"

Mwaka jana mwajiri alimruhusu kufanyia kazi nyumbani siku tatu katika wiki. Tulimpongeza sote, na waliozoea kungoja naye kituoni walimwonea gere. Miezi minne baadaye mkewe, ambaye ni fundi cherehani wa mabaibui, kanzu na sare za madrasa, alituambia maneno yaliyotufanya tuandike makala haya: "Tangu aanze kushinda nyumbani, mimi sina pa kushinda."

Nyumba yao ina vyumba viwili na sebule. Cherehani ilikaa sebuleni, karibu na dirisha, penye mwanga, na sebule hiyo ndiyo iliyogeuzwa ofisi. Mikutano ya mtandaoni ilianza saa tatu asubuhi, na mlio wa cherehani ulisikika hadi kwa wakubwa wa kazi. Basi cherehani ikahamishiwa chumbani, kisha uani chini ya mwembe, na masika yalipoingia ikarudi chumbani, ikawa haiguswi mpaka usiku. Wateja waliozoea kuingia, kupimwa na kukaa kidogo wakizungumza, wakawa wanapiga hodi na kujibiwa kwa kidole mdomoni. Baadhi yao hawakurudi tena. Watoto wakitoka madrasa, badala ya kuingia wakiisoma kwa sauti sura waliyohifadhishwa, waliambiwa wangoje kwa jirani mpaka baba amalize. Ulipokaribia msimu wa Idd, ambao kwa fundi ndio mavuno ya mwaka mzima, mama huyu alikataa kazi ambazo zamani angezikesha, na fedha hizo ndizo zilizokuwa zikilipa ada ya shule.

Mume hakukusudia ubaya wowote. Yeye aliona amerudi nyumbani, ilhali wenziwe waliona wamehamishwa.

Tumeyatanguliza haya kwa sababu mazungumzo juu ya kufanyia kazi nyumbani aghalabu huanzia na kuishia kwenye nauli ya mwajiriwa na kodi ya jengo la mwajiri. Nyumba inayopokea ofisi haiulizwi.

Hata hivyo, hatutaki msomaji adhani kuwa tunaitetea barabara. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu wakazi wa Mkoa wa Dar es Salaam kuwa 4,364,541, na ile ya mwaka 2022 ikawakuta wamefika 5,383,728. Watu zaidi ya milioni moja wameongezeka katika miaka kumi, na wengi wenye kujenga wamejenga pembezoni, Chamazi, Mbande, Chanika, Bunju na ng'ambo ya Kigamboni, ilhali benki, ofisi na maduka ya jumla yamebaki yamesongamana Posta na Kariakoo. Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kutoa huduma mwaka 2016 katika njia ya Kimara hadi Kivukoni, yaliwapunguzia adha wakazi wa upande ule, lakini mji haungoji. Kila njia ikikamilika, watu wamekwisha kununua viwanja mbele yake.

Jirani yetu alikaa siku moja akapiga hesabu kwa namna ya wahasibu. Alipoteza njiani saa 4 kwa siku, yaani saa 20 kwa wiki ya siku tano. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida za kazi kwa wiki. Ina maana kwamba kwa kila saa 9 alizolipwa, alitoa nyingine 4 ambazo hakuna aliyemlipa, na aliyezikosa ni mkewe na wanawe.

Iko na hasara isiyoingia katika hesabu hiyo. Katika mji huu jua huzama, mwaka mzima, baina ya saa 12 na dakika kumi hivi na saa 1 kasoro jioni, na wakati wa Magharibi ndio mfupi kuliko nyakati zote za Swala. Anayetoka ofisini saa 11 jioni humkuta yu katikati ya foleni ya Barabara ya Kilwa. Wapo wanaoshuka njiani wakaswali katika msikiti ulio kando ya barabara, kisha wakalipa nauli upya na kumalizia safari wakiwa wamesimama. Wapo ambao haya ya kumwomba konda huwashinda, na Swala ikawapita huku wakiisikia adhana kwa masikio yao. Tunawafahamu watu wema, wenye kujali dini yao, ambao kwa miaka mingi hawakuwahi kuswali Magharibi na watoto wao ila siku za mapumziko.

Mzigo wa mama anayenyonyesha ni mzito zaidi. Sheria hiyo hiyo humpa likizo ya uzazi ya siku 84, na akirudi kazini humpa hadi saa 2 kwa siku za kwenda kumnyonyesha mtoto. Maandishi ni mazuri, wala hatuyadharau. Lakini mama wa Chamazi mwenye kazi Posta atazitumiaje saa hizo, nazo hazimfikishi nyumbani na kumrudisha? Hukaa nazo ofisini, maziwa yakimjaa kifuani, au huenda kuyakamua chooni na kuyamwaga. Qur'ani imeutaja unyonyeshaji wa miaka miwili kamili kwa anayetaka kuutimiza; huyu hutamani miezi sita tu asiipate. Kwa mama wa namna hii, siku mbili au tatu za kufanyia kazi nyumbani ni suala la afya ya mtoto, na mwajiri anayeweza kuzitoa akazinyima, tunaona, ana swali la kujibu.

Fikra yenyewe si ngeni. Mwaka 1973 Mmarekani Jack Nilles alipendekeza kazi imfuate mtu kwa njia ya simu badala ya mtu kuifuata kazi kwa gari. Kwa miongo mingi likabaki jambo la wachache, mpaka maradhi ya Uviko yalipoingia Afrika Mashariki mwezi Machi 2020 na ofisi nyingi zikawaambia watu wake wasije. Maradhi yalipotulia, waajiri wengine waliwarudisha wote, na wengine, kama huyu wa jirani yetu, wakaja kugundua baadaye kuwa meza tupu ni nafuu kwao.

Wanaotaka kuthibitisha faida zake hupenda kuutaja utafiti uliofanyika Shanghai na kuchapishwa mwaka 2015, ambao Profesa Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford alikuwa miongoni mwa waandishi wake. Wafanyakazi wa kampuni ya safari ya Ctrip, wapokeaji simu za wateja, walifanyia kazi nyumbani siku nne katika wiki kwa muda wa miezi tisa. Kazi yao iliongezeka kwa asilimia 13, na walioacha kazi wakapungua kwa nusu. Hayo ndiyo husomwa. Kisichosomwa sana ni kwamba jaribio lilipokwisha na watu wakaachiwa wachague, takriban nusu ya waliokuwa nyumbani waliomba kurudi ofisini, na upweke ukawa miongoni mwa sababu kubwa. Tena hakuruhusiwa kushiriki ila mwenye chumba chake cha kufanyia kazi. Kwa maneno mengine, nyumba ya vyumba viwili na sebule, yenye watoto na cherehani, haikuwamo katika utafiti ule. Utafiti mwingine katika kampuni hiyo hiyo, uliochapishwa mwaka 2024 na kuhusisha watu 1,612, uliwapa siku mbili tu za nyumbani kwa wiki. Walioacha kazi walipungua kwa theluthi, hasa wanawake na wanaosafiri mbali, na hapakuonekana dalili ya watu kupitwa katika kupandishwa vyeo. Sisi siku mbili zinatuingia akilini kuliko nne.

Turudi kwenye cherehani. Nyumba za Waswahili zimekuwa karakana tangu enzi. Kofia za mkono hushonwa barazani, ukili husukwa uani, maandazi na vitumbua hutoka jikoni kabla jua halijachomoza, na kashata hukatwa juu ya meza ile ile wanayosomea watoto. Walio wengi katika kazi hizo ni wanawake, nao wamezifanya huku wakibembeleza watoto, wakipokea wageni na kuangalia chungu kisiungue. Hatujapata kusikia nyumba iliyonyamazishwa kwa sababu mama anasuka ukili. Mgeni akiuliza, hujibiwa kuwa mama "yupo tu". Mwaka 1996 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba, namba 177, unaotaka anayeifanyia nyumbani kazi ya mwajiri asitendewe chini ya wenziwe wa ofisini. Mama wa vitumbua hana mwajiri, na mkataba haukuandikwa kwa ajili yake, lakini hoja yake inagusa hata kwake: kazi haiachi kuwa kazi kwa kuwa inafanyika karibu na kitanda. Sasa baba amekuja na kompyuta mpakato, na mara moja nyumba nzima imejua kuwa ndani kuna mtu yuko kazini. Tumejiuliza kama kilichobadilika ni kazi au ni mwenye kuifanya.

Bibi Aisha (r.a.) aliulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake. Maana ya jibu lake, kama ilivyopokewa na Imam Bukhari, ni kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumbani kwake, na wakati wa Swala ukiingia hutoka kwenda kuswali. Mambo mawili tu, na yote mawili ndiyo yanayopotea njiani Kilwa. Baba aliyerudishiwa saa zake, kisha akazijaza kazi za mwajiri na simu za usiku, amebadili mahali pa kukalia tu.

Ipo pia adabu ya hodi. Sura ya An-Nur imefundisha kuwa hata watoto wa ndani waombe ruhusa kuingia katika nyakati tatu: kabla ya Swala ya Alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo kupumzika, na baada ya Swala ya Isha. Ikiwa mtoto wa kuzaa anaagizwa hivyo, seuze kamera ya mkutano iliyowashwa saa tatu usiku, mama akipita nyuma bila mtandio kwa kuwa yuko kwake! Tumesimuliwa hayo na zaidi ya familia moja, na wanawake wengine wamekuwa wakijitanda ushungi kutwa ndani ya nyumba zao wenyewe. Hilo mume analiweza bila kumngoja mwajiri: meza ielekezwe ukutani, kamera izimwe isipohitajika, na mkubwa wa kazi aelezwe mapema kuwa baada ya saa fulani hapatikani.

Na kabla ya kutia saini, yaulizwe maswali ya fedha. Bando la intaneti analipa nani? Umeme wa LUKU, ambao sasa huliwa kutwa, je? Nauli iliyookolewa inaweza kumezwa na viwili hivi, na aliyeona haya kuuliza mwanzoni hupata taabu kuuliza mwezi wa sita.

Kwa jirani yetu mambo yalikaa sawa kwa sababu ya mama yake mzazi, aliyekuja kutoka Mafia kuwatembelea. Alikaa siku tatu akitazama. Siku ya nne alimwita mwanawe, akamwuliza kwa upole: "Mwanangu, hiyo kampuni inamlipa mkeo kodi ya sebule?" Alicheka, kisha hakucheka tena.

Siku moja kati ya zile tatu ameirudisha, na sasa huenda ofisini Jumanne, Jumatano na Alhamisi, akibanwa ndani ya daladala kama wenziwe. Siku mbili za nyumbani hufanyia kazi chumbani, kwenye meza ndogo aliyoichonga fundi wa mtaani, na mikutano ameomba iwe kabla ya saa tano. Saa kumi jioni hufunga kompyuta na kwenda kuwachukua watoto madrasa. Ijumaa huenda na mwanawe mkubwa msikitini kwa Swala ya Ijumaa, jambo ambalo mtoto huyo hakuwahi kulipata siku za shule zinapofungwa, kwa kuwa baba alikuwa akiswali mjini.

Cherehani imerudi dirishani. Ukuta wa chumba ni mwembamba, na mlio wake bado hupenya. Juzi mkubwa wake wa kazi alikatiza mkutano na kuuliza ile ni sauti ya nini. Akamjibu kuwa ni mke wake, yuko kazini.