Kutoka Meza ya Krismasi Hadi Mbio za Moshi



Kila Desemba barabara ya Marangu hadi Tarakea hujaa mabasi na magari madogo. Watoto wetu wanaofanya kazi Dar es Salaam, Arusha na hata Nairobi wanarudi kula Krismasi pamoja na wazee. Ni desturi njema nasi tunaifurahia. Lakini tangu mwaka 2003, zilipoanza mbio za Kilimanjaro Marathon pale Moshi, desturi nyingine imejiunga nayo. Ndafu ikishakatwa, mmoja husimama na kusema, “Februari tunakimbia wote!” Shemeji anakubali, mjomba anakubali, mabinti wanaandika majina. Kisha kila mtu anarudi alikotoka, na wengine hawakimbii hata hatua moja mpaka siku yenyewe.

Mbio hizo hufanyika Jumapili, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Ziko za kilomita 42, za 21, na za 5 za kujifurahisha. Anayechukua 21 ajue kwamba njia hupanda kuelekea Mweka kabla ya kurudi uwanjani. Kwa mtu anayeshinda kitini ofisini mwaka mzima, hiyo ni kazi nzito kwa moyo.

Tukisema kweli, shida kubwa tunayoiona wakati wa Krismasi si kula sana. Ni vidonge vilivyosahaulika Dar es Salaam. Mtu amefungasha nguo za watoto, mchele na zawadi za bibi, lakini dawa zake za presha zimebaki juu ya kabati. Au anazo kwenye begi, ila anaona haya kuzimeza mbele ya wageni kwa kuwa ataulizwa maswali. Akikataa kata ya mbege anaambiwa amejidai mtu wa mjini. Siku kumi zinapita bila dawa. Na kwa kuwa mara nyingi presha haiumi, anajiona mzima na kuamini kwamba amepona.

Mwenye presha iliyotulia kwa dawa anaweza kukimbia, tena mazoezi yanamfaa sana. Yule ambaye presha yake haijatulia, mbio ndefu za kupanda zinaweza kumletea shambulio la moyo au kiharusi. Kwa hiyo familia inapopanga safari ya Moshi, baba au mama aulize waziwazi: nani kati yetu anatumia dawa? Kupima presha zahanati ni dakika chache. Ikionekana mara kwa mara kuwa 140 kwa 90 au zaidi, mtu aonane na daktari kabla ya kulipa kiingilio. Vivyo hivyo aliyevuka miaka 40 bila kufanya mazoezi, mvuta sigara, na yule ambaye mzazi au ndugu yake alifariki ghafla akiwa bado kijana. Maumivu ya kifua au kizunguzungu wakati wa kupanda mlima si uchovu wa kawaida. Mwenye kisukari anayechoma insulini au kumeza vidonge vya kushusha sukari apate maelekezo mapema, na siku ya mbio awe na sukari au soda karibu, kwa sababu kukimbia hushusha sukari ya damu.

Tangu Krismasi mpaka mbio kuna wiki nane au tisa hivi. Muda huo humtosha mtu mwenye afya ambaye hajawahi kukimbia kujiandaa kwa kilomita 5. Kilomita 21 zinamfaa aliyekuwa akikimbia tangu zamani. Anza kwa kutembea haraka dakika tano, kimbia polepole dakika moja, kisha tembea tena. Ukiweza kusali Baba Yetu kwa sauti bila kukatika pumzi, mwendo wako ni mzuri. Wageni kutoka Dar es Salaam watahema zaidi siku za kwanza huku kwetu, kwa kuwa tuko juu ya mita 1,500 na hewa ni nyepesi. Sisi wa Tarakea tukishuka Moshi tunapata nafuu ya pumzi, lakini joto la Februari linatuelemea.

Wazee wanamkumbuka John Stephen Akhwari, aliyeumia goti katika mbio za Olimpiki kule Mexico City mwaka 1968 na bado akamaliza. Tunamheshimu sana. Ila alikuwa mwanariadha wa taifa aliyejiandaa. Mjomba aliyeanza mazoezi wiki iliyopita asimwige. Akiumia, akae pembeni.

Kuhusu maji, wengi wanajua hatari ya kunywa machache, lakini hawajui hatari ya kunywa kupita kiasi. Katika mbio za Boston, Marekani, mwaka 2002, wakimbiaji 488 walipimwa damu mwishoni, na 13 kati ya kila 100 walikuwa wamepungukiwa chumvi mwilini, hasa waliokunywa mno. Hali hiyo huleta kichefuchefu, kuchanganyikiwa na hata degedege. Kunywa unapohisi kiu, usishindane. Mbege na bia ziachwe tangu siku moja kabla. Tunakataza pia ile tabia ya kumeza diklofenaki “ili miguu isiume”: dawa hiyo, mwili ukiwa umekaukiwa maji, huumiza figo. Na mkojo ukiwa wa rangi ya kahawa baada ya mbio, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Mtu akianguka, mwite na umtikise bega. Asipoitika na hapumui sawasawa, paza sauti kuomba msaada, kisha mbonyeze katikati ya kifua kwa nguvu, kwenda chini kama sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka wahudumu wafike. Usimmiminie maji mdomoni. Kama anapumua lakini ana joto kali na anapayuka, mpeleke kivulini, mmwagie maji mwilini na mpepee huku msaada ukitafutwa.

Jambo lingine ni safari. Wengine humaliza mbio, hula, na jioni huingia kwenye gari ili wawahi kazini Dar es Salaam Jumatatu. Ni zaidi ya kilomita 500. Aliyekimbia asiendeshe usiku huo. Aendeshe ambaye hakukimbia na amelala vizuri, au walale Moshi. Njiani wasimame mara kwa mara wanyooshe miguu, damu isije ikaganda.

Na wale wanaorudi Tarakea: huku juu malaria ni kidogo, hivyo miili yetu haina kinga nzuri dhidi yake. Usiku tukilala Moshi tutumie chandarua. Homa ikija wiki moja au zaidi baadaye, watu husema ni uchovu wa mbio na kunywa panadoli. Nenda ukapimwe damu, na umweleze mhudumu kwamba ulilala tambarare.