Hosea: Kilio cha Mungu aliyesalitiwa



Kama umewahi kuhudhuria semina ya neno la Mungu, bila shaka umeusikia mstari wa 6 wa sura ya 4 ya Hosea, ule unaohusu watu wa Mungu na kukosa maarifa. Tunausikia kwenye mafundisho ya ujasiriamali, kwenye semina za afya, hata kwenye mahafali ya watoto wetu. Wahubiri huutumia kutuhimiza tusome na tutafute elimu, na himizo hilo ni jema. Lakini ukiusoma mahali pake, utakuta umetoka kinywani mwa mtu ambaye ndoa yake imevunjika, na maarifa anayoyalilia hayapatikani darasani.

Hosea alihudumu katika ufalme wa kaskazini wa Israeli, karne ya 8 kabla ya Kristo, kuanzia siku za mfalme Yeroboamu wa pili. Nchi ilikuwa na neema. Na kadiri mavuno yalivyoongezeka, ndivyo madhabahu za miungu mingine zilivyoongezeka. Wakati huo Mungu alimwagiza nabii wake aoe mwanamke asiye mwaminifu, naye akamwoa Gomeri, binti Diblaimu.

Wakazaliwa watoto watatu, na majina yao yalikuwa mahubiri machungu. Wa kwanza aliitwa Yezreeli, jina la mahali palipomwagika damu nyingi. Binti akaitwa Lo-ruhama, yaani asiyehurumiwa. Wa mwisho akaitwa Lo-ami, yaani si watu wangu. Fikiria mama akimwita mwanawe jioni aje kula, kwa jina kama hilo.

Kitabu hiki ndicho cha kwanza kati ya vile 12 vya manabii wadogo. Kina sura 14, na sehemu kubwa ni mashairi. Wengi wamekipenda kwa sababu humo Mungu anazungumza kama mume aliyeachwa. Katika sura ya 2 anafoka, anatishia kumzibia mkewe njia kwa miiba, kisha ghafla anageuka na kumbembeleza kama siku za uchumba. Aliyewahi kusalitiwa anaijua hali hiyo ya moyo kupanda na kushuka mara kumi kwa siku.

Kosa la mke lilikuwa nini? Nabii anasema mke aliamini kwamba nafaka, divai, mafuta na sufu vilitoka kwa wapenzi wake. Waisraeli walimfuata Baali wakiamini ndiye anayeleta mvua na rutuba. Kumbe aliyekuwa akijaza ghala ni mume wa ndoa, na zawadi zake zilibebwa kupelekwa kwa mchepuko. Nasi tujiulize: mshahara ukiingia, au biashara ikichanganya, shukrani zetu tunazipeleka wapi?

Sasa turudi kwenye lile neno maarifa. Katika Kiebrania neno hilo linatokana na tendo la kujua, na ni tendo lilelile linalotumika katika Mwanzo 4 kusimulia jinsi Adamu alivyomjua Hawa mkewe. Biblia yetu ya Kiswahili imelihifadhi vizuri. Mungu anapowaahidi watu wake katika sura ya 2 kwamba atawaposa upya kwa uaminifu, matokeo yake ni kwamba watamjua. Ni kujuana kwa watu wa agano, wanaoishi nyumba moja wala hawafichani kitu. Mtu anaweza kukariri Biblia nzima na bado akakosa maarifa hayo. Tena lawama ya mstari ule iliwaangukia kwanza makuhani, waliopaswa kuwafundisha wengine.

Ndiyo maana katika sura ya 6 Mungu anaufananisha upendo wa watu wake na umande, unaopendeza alfajiri na kutoweka jua likichomoza. Wengi wetu tuna upendo wa namna hiyo. Jumapili tunaimba hadi machozi, na Jumatatu saa nne asubuhi hatuna tofauti na asiyemjua Mungu. Sura hiyohiyo inasema Mungu anataka rehema kuliko sadaka za kuchinjwa, na Injili ya Mathayo inaonyesha Yesu akiyarejea maneno hayo mara mbili, katika sura ya 9 na ya 12.

Sura ya 3 ni fupi, lakini inagusa sana. Hosea anaambiwa aende akampende tena mwanamke mzinzi, ambaye wasomaji wengi humwelewa kuwa ni Gomeri yuleyule. Anamnunua kwa shekeli 15 za fedha, pamoja na shayiri. Katika Kutoka 21, fidia ya mtumwa aliyeuawa na ng'ombe ni shekeli 30. Huenda mume huyu hakuwa na fedha za kutosha, akajazia kwa nafaka ya nyumbani. Baada ya hapo kunakuwa na siku nyingi za kungoja. Mwanamke amerudi, lakini imani inajengwa polepole. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Hapa naomba tuwe waangalifu. Wapo wanaokitumia kitabu hiki kumnyamazisha mama anayepigwa, au baba anayedhalilishwa na mkewe: vumilia tu, mbona Hosea alivumilia! Agizo lile alipewa nabii mmoja, liwe ishara kwa taifa zima. Halikutolewa kama sheria kwa kila aliyeumizwa. Tena Hosea hakuuficha uovu, aliutaja waziwazi. Na katika sura ya 14, anayetakiwa kurudi anaambiwa aje na maneno ya toba kinywani. Kazi ya kwanza ni ya aliyesaliti.

Isitoshe, tukisoma kisa hiki wengi wetu hukaa kwenye kiti cha Hosea. Kitabu kinatuketisha kwenye kiti cha Gomeri. Sisi ndio tuliotoroka, na sisi ndio tuliofuatwa na kulipiwa.

Israeli hawakusikia. Mwaka 722 kabla ya Kristo Samaria ilianguka mikononi mwa Ashuru. Usaliti una gharama, na Mungu hakuifuta gharama hiyo. Lakini sura ya 11 inamwonyesha kama mzazi aliyemfundisha mtoto kutembea, ambaye moyo wake unakataa kumtupa. Hata bonde la Akori, ambako Akani alipigwa mawe siku za Yoshua, anaahidi kuligeuza kuwa mlango wa tumaini.

Ukisoma sura mbili kila siku kuanzia leo, Jumamosi utakuwa umekimaliza kitabu chote. Kisome ukiwa kwenye kiti cha Gomeri. Na kama kuna neno la toba unalodaiwa nyumbani kwako, usilisubirishe hadi Jumapili ijayo.

Nakutakia Jumapili njema.