Miguu ya Nyanya Isiyotulia

  

Tuseme kuna nyanya anayekaa Dunga, Kisumu, ufuoni pale wavuvi wanapotia nanga. Omena wakishaanuliwa na chakula cha jioni kuliwa, yeye na mjukuu wake huingia chumba kimoja kulala. Nyanya akijinyoosha tu, miguu inaanza. Anasema ni kama sisimizi wanatambaa ndani ya mfupa. Akiamka akazunguka uani, wanatulia. Akijilaza tena, hao wamerudi.

Huyo nyanya hajarogwa. Daktari Mwingereza, Thomas Willis, aliandika habari za wagonjwa wa namna hii mwaka 1672. Mwaka 1945 Karl-Axel Ekbom wa Uswidi aliwachunguza wengine kama hao kwa makini, akauita ugonjwa wenyewe miguu isiyotulia. Mara nyingi ubongo huwa umepungukiwa na madini ya chuma, ambayo unayahitaji ili kutengeneza dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza mwendo wa viungo. Minyoo ya safura, kwa mfano, hunyonya damu, na chuma huondoka nayo. Mama mjamzito huweza kuupata ugonjwa huu pia, na mtu ambaye figo zake zimechoka.

Sasa nyanya anashikwa na nimonia kali. Analazwa Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo Kisumu nzima huiita Russia kwa kuwa Umoja wa Kisovieti ulisaidia kuijenga. Yuko chumba cha wagonjwa mahututi, mpira wa kupumulia umepita mdomoni. Hawezi kusema neno.

Hapo ndipo moyo wangu huuma. Chumba kile hakina usiku: taa zinawaka, mashine zinalia, mara apimwe presha, mara ageuzwe ubavu. Mwili hupotewa na saa zake, usingizi ukakatika vipande vipande, na vingi vyake vikaangukia mchana. Mgonjwa asiyelala huweza kuanza kuweweseka. Na nyanya huyu ana sisimizi wake, lakini hawezi kuamka azunguke. Anapiga mateke. Asiyemjua atadhani amechanganyikiwa, aongezewe dawa ya kumtuliza.

Ugonjwa huu hauna kipimo kimoja cha kuuthibitisha. Daktari hutegemea maelezo ya mgonjwa. Asiyeweza kusema, nani atamsemea?

Yule mjukuu. Anakuja saa ya kuona wagonjwa, anamwambia muuguzi: "Sista, hata nyumbani nyanya hutembea usiku. Miguu humsumbua akilala."

Sista anamwita daktari. Daktari anaagiza damu ipimwe akiba ya chuma, kisha anapitia dawa zote, maana zipo zinazouchochea ugonjwa huu, kama metoklopramaidi ya kuzuia kutapika. Usiku taa ya kitandani inapunguzwa, kazi zinazoweza kufanywa pamoja zinafanywa kwa mkupuo mmoja. Mjukuu anaonyeshwa namna ya kukanda mashavu ya miguu ya nyanya yake, taratibu, kutoka kifundoni kwenda juu, bila kugusa mirija.